"Watu Wenye Ulemavu Wanahimizwa Kutuma Maombi"

Tangazo lilikuwa limebandikwa kwenye mlango wa saiba moja hapa Kitengela, katikati ya karatasi ya vyumba vya kupanga na nyingine ya mganga anayerudisha wapenzi. Kampuni inatafuta karani wa stoo. Awe na cheti cha kidato cha nne, uzoefu wa miaka miwili, ajue kompyuta, awe mchangamfu, awe na afya njema ya mwili na akili. Leseni ya kuendesha gari itamwongezea nafasi. Halafu chini kabisa, kwa herufi nyembamba kuliko zote: watu wenye ulemavu wanahimizwa kutuma maombi.

Nilipiga picha nikamtumia binamu yangu aliye Rombo. Baada ya nusu saa akanijibu kwa ujumbe wa sauti, anacheka: "Kaka, hao wananihimiza. Si wangeniajiri tu."

Nimeisikiliza hiyo sauti mara nyingi. Kwa maneno machache alifanya uhakiki ambao mimi, niliyesomea fasihi na kujifunza kubomoa sentensi za watu wengine, sikuwa nimewahi kuufanya. Alikipima kitenzi. Kuhimiza si kuajiri. Anayehimiza hajaahidi chochote, na asipotoa kitu huwezi kumdai. Kwa hivyo makala hii ni uhakiki wa sentensi hiyo moja ambayo sote tumeisoma mamia ya mara tukitafuta kazi, na wa sheria zilizosimama nyuma yake. Nitazisoma sheria kama ninavyosoma hadithi: nani anatenda, nani anatendewa, na nani ameachwa nje ya sentensi.

Kwanza binamu yangu. Alikuwa opareta wa mashine katika kiwanda kimoja upande wa Athi River, jina nitaliacha. Kama maelfu ya vijana wanaolala Kitengela na kufanya kazi ng'ambo ya mto, alikuwa anaamka saa kumi na moja, anatembea hadi steji, anarudi usiku. Mkataba wake ulikuwa wa miezi mitatu mitatu. Ulikuwa umeongezwa mara sita bila mtu kuuliza swali. Siku moja mashine ikamkata vidole viwili vya mkono wa kulia. Alitibiwa. Alilipwa fidia, hilo niseme wazi, maana wengi hata hiyo hawaioni. Aliporudi kazini supavaisa akamwangalia mkono, akamwambia, "Pumzika kwanza, tutakupigia." Hawakupiga. Mkataba ukaisha tarehe yake. Wenzake wa zamu ile waliongezewa. Yeye akapanda gari hadi Emali, akashika la Loitokitok, akateremka Rombo kwa mama yake. Sasa anapakia makreti ya nyanya kwenye mashamba ya umwagiliaji, analipwa kwa kreti, chini ya Kilimanjaro ambayo watalii huilipia ili waione.

Nilipokwenda kumwona, shangazi aliniambia lile neno ambalo huambiwa kila mtu katika hali hii: "Hujafa hujaumbika, mwanangu." Ni methali nzuri na ina huruma ndani yake. Lakini ukiisikiliza vizuri, utagundua kwamba haimsemeshi aliyeumia. Inamsemesha mzima: usicheke, yako inakuja. Aliyeumia amegeuzwa kuwa funzo. Tena methali inasema maumbile ndiyo yamefanya, kana kwamba mashine isiyo na kinga ni kazi ya Mungu. Shangazi hakukusudia hivyo, na sikumjibu. Ila nilianza kufikiria jinsi lugha yetu inavyompokea mtu siku mwili wake unapobadilika.

Tuliofundishwa ngeli shuleni tunajua kitu ambacho walimu wetu walipita nacho haraka. Kipofu, kiziwi, kiwete, kilema, kibogoyo: maneno haya yote yanaanza kama kiti na kijiko. Wapo wanaosema huo ni ushahidi kwamba Kiswahili kinawaweka watu wenye ulemavu kwenye kapu la vitu. Mimi nadhani hoja hiyo ina ukweli lakini haijafika mwisho. Kwanza, kijana na kiongozi pia wanaanza na ki-, na hatujasikia kiongozi akilalamika. Pili, angalia kinachofuata nomino. Hatusemi "kipofu kimefika." Tunasema "kipofu amefika." Jina limemsogeza karibu na vitu, lakini kitenzi kikamshika mkono na kumrudisha kwa watu. Sarufi yenyewe ilikataa kumaliza tusi.

Leo tumeacha majina hayo na kuchukua "mtu mwenye ulemavu," na ni sawa. Katiba yetu ya 2010 imefanya hata adabu ya maneno kuwa haki: Kifungu cha 54 kinasema mtu mwenye ulemavu ana haki ya kutendewa kwa heshima, na kuitwa na kutajwa kwa namna isiyomdhalilisha. Ni katiba chache zinazojishughulisha na jinsi watu wanavyoitwa. Naipenda hiyo ibara. Shida ni kwamba baadaye tulifanya kinyume cha sarufi yetu. Tukasafisha nomino mpaka ikang'aa, kisha tukaiunga na kitenzi kisichobeba chochote. "Mtu mwenye ulemavu," jina la heshima kabisa. "Anahimizwa," basi.

Tusidhani walioandika matangazo walikitoa kitenzi hicho hewani. Sheria ya kwanza ya Kenya ya watu wenye ulemavu ilipitishwa 2003. Ilipiganiwa miaka mingi na ilikuja na mambo mazuri: ilikataza mwajiri kumbagua mtu wakati wa kutangaza kazi, kuajiri, kupandisha cheo au kufuta. Lakini soma ile sehemu maarufu ya asilimia 5, ambayo kila mtu anaitaja. Sentensi ile haikumwambia mwajiri atenge nafasi. Ilisema kwamba Baraza la Kitaifa la Watu Wenye Ulemavu litajitahidi kuhakikisha asilimia 5 ya kazi za kibarua, za dharura na za mkataba zinatengwa. Ukiniuliza mimi, hapo ndipo hadithi iliharibika. Mtendaji wa sentensi ni Baraza. Kitenzi ni kujitahidi. Mwajiri, ambaye ndiye mwenye ufunguo wa lango la kiwanda, hayumo kwenye sentensi hata kidogo. Huwezi kumshtaki mhusika ambaye mwandishi hakumuumba.

Sheria hiyo hiyo iliacha mlango mwingine wazi. Mwajiri hakuhesabiwa kuwa amebagua ikiwa ulemavu wenyewe unahusiana na mahitaji ya kazi, au ikiwa kumwajiri mtu huyo kungehitaji vifaa ambavyo mwajiri hangetarajiwa kuvitoa. Kwa maandishi inaonekana haki tupu. Hakuna anayetaka dereva wa basi asiyeona. Lakini mlango uliojengewa dereva wa basi unapitisha magari mengi. Karani wa stoo anahitaji leseni ya kuendesha gari ya nini? Mpokea simu anahitaji "afya njema ya mwili" ya kiasi gani? Sifa hizo katika tangazo si mapambo. Ndizo zinazofanya kazi ambayo sentensi ya mwisho inajidai kuikana. Tangazo linakufukuza kwenye aya ya pili, halafu linakukaribisha kwenye aya ya mwisho.

Mei 2025 Rais alitia saini sheria mpya, na ile ya 2003 ikafutwa. Mswada wake ulipelekwa Seneti na Crystal Asige, seneta mteule ambaye wengi tulimjua kwanza kama mwanamuziki, na ambaye mwenyewe ana ulemavu wa kuona. Naitaja hali yake kwa sababu moja tu: inaonekana kwenye sarufi. Sheria mpya imebadilisha mtendaji. Sasa ni mwajiri mwenye wafanyakazi 20 au zaidi ndiye anayetakiwa kutenga angalau asilimia 5 ya nafasi za ajira. Hakuna tena Baraza linalojitahidi kwa niaba yake. Kuna mwajiri, kuna wajibu, kuna hesabu. Asilimia 5 ya watu 20 ni mtu mmoja. Mtu mzima kamili.

Hesabu hii si ndogo kwa sisi wa Rombo. Kuna Rombo mbili. Kuna yetu, wadi ya Kajiado Kusini, na kuna Wilaya ya Rombo ng'ambo ya mpaka, Mkoa wa Kilimanjaro. Watu wanavuka Illasit asubuhi kuuza vitunguu na kurudi jioni. Tanzania nayo ina Sheria ya Watu Wenye Ulemavu ya 2010, na yenyewe pia inaanzia kwa mwajiri mwenye wafanyakazi 20, ila kiwango chake ni asilimia 3. Piga hesabu: asilimia 3 ya 20 ni sehemu sita za kumi za mtu. Lazima ufikishe wafanyakazi 34 ndipo upate binadamu mmoja aliyekamilika. Sisemi hili kuwacheka jirani zetu, walioweka wajibu kwa mwajiri miaka 15 kabla yetu. Nasema tu kwamba tarakimu kwenye sheria nazo ni lugha, na zinafaa kusomwa kwa makini kama tunavyosoma beti.

Lakini sheria ninayoipenda zaidi si hiyo mpya. Ni Sheria ya Ajira ya 2007, ambayo watu wengi huijua kwa ajili ya likizo na notisi tu. Kifungu chake cha 5 kinakataza ubaguzi wa moja kwa moja na usio wa moja kwa moja, na ulemavu umetajwa kwa jina. Kinagusa kuajiri, mafunzo, kupanda cheo, masharti ya kazi, kufutwa, na mambo mengine yatokanayo na ajira. Hakina habari ya wafanyakazi 20. Hata mwenye duka la mtu mmoja anabanwa. Kisha linakuja jambo ambalo kwangu ndilo tendo kubwa la kiuandishi katika sheria zetu za kazi: mfanyakazi akidai amebaguliwa, ni mwajiri anayebeba mzigo wa kuthibitisha kwamba ubaguzi haukutokea.

Fikiria maana yake. Katika maisha ya kawaida, aliyebaguliwa ndiye anayeambiwa alete ushahidi. Wewe ulisikia supavaisa akisema? Kuna video? Nani alikuwepo? Hapa sheria imegeuza kiti. Imemwambia mwenye kiwanda: wewe ndiye mwenye faili, wewe ndiye mwenye orodha ya walioongezewa mkataba na wasioongezewa, wewe ndiye msimulizi wa hadithi hii. Basi simulia.

Ndiyo maana niliposikia habari ya "mkataba uliisha tu," sikutosheka. Ni kweli mahakama zetu kwa kawaida husema kwamba mkataba wa muda ukifika mwisho umefika mwisho, na mtu hana haki ya kudai uongezwe. Binamu yangu aliambiwa hivyo na kila mjuaji wa Rombo. Lakini swali lake si "kwa nini mkataba uliisha." Swali lake ni "kwa nini wa wenzangu saba uliongezwa na wangu, baada ya mara sita, ukakataa wiki ileile niliporudi na mkono huu." Kwa usomaji wangu hayo ni maswali mawili tofauti. La kwanza ni la kalenda. La pili ni la ubaguzi, na jibu lake liko kwenye droo ya HR.

Sitaki kuahidi mtu kwamba atashinda. Fidia yenyewe ina dari: kwa kufutwa isivyo haki, mahakama inaweza kutoa hadi mishahara ya miezi 12. Kwa mtu wa shilingi 16,000 kwa mwezi hiyo ni 192,000, kabla ya wakili, nauli na siku zilizopotea. Malalamiko kwa afisa wa kazi kuhusu kufutwa yanatakiwa ndani ya miezi 3, na kesi mahakamani ndani ya miaka 3. Ukitoka Rombo kwenda Kajiado mjini, makao makuu ya kaunti yako mwenyewe, unazunguka na Emali na Kitengela kama mtu anayekwenda nchi nyingine. Sheria ina maneno mazuri, lakini imekaa mbali na barabara ni ndefu.

Kuna maandishi mengine ambayo nimeyasoma kwa uchungu zaidi: Sheria ya Fidia ya Majeraha Kazini, nayo ya 2007. Huhitaji kuthibitisha kwamba mwajiri alikosea. Uliumia kazini, unalipwa. Aliyelemaa kabisa na kwa kudumu hulipwa mapato ya miezi 96. Aliyepoteza kiungo hulipwa sehemu yake, na nyuma ya sheria kuna jedwali: kila kiungo na asilimia yake. Kidole gumba kiasi hiki, kidole cha kati kiasi hiki, jicho, mguu, sikio. Hakuna shairi la Kiswahili linaloorodhesha mwili kwa ubaridi namna hiyo.

Silaumu jedwali. Bila jedwali kila kidole kingejadiliwa upya sokoni, na maskini angepunjwa. Ninacholaumu ni jinsi linavyosomwa. Kiwanda kinalipa kidole, kinapata risiti, na kinadhani kimelipa kila kitu. Kana kwamba fidia ya jeraha ni bei ya kuachana na mtu. Sheria mbili zinaongea juu ya mtu mmoja, moja inahesabu alichopoteza, nyingine inalinda alichobaki nacho, na katikati pana pengo ambamo binamu yangu alianguka. Alilipwa kwa ajili ya vidole viwili. Vile vinane alivyobaki navyo, vilivyokuwa tayari kufanya kazi, hakuna aliyeviuliza.

Na angefanya kazi. Alikuwa anaijua mashine ile kuliko mtu yeyote wa zamu yake. Angeweza kuwekwa kwenye ukaguzi, kwenye stoo, kwenye kufundisha wageni. Kwa lugha ya sheria hilo linaitwa marekebisho yanayofaa: kubadilisha kiti, zamu, kifaa au utaratibu ili mtu afanye kazi anayoiweza. Watu wakisikia neno hilo wanafikiria lifti na mamilioni. Mara nyingi ni swichi iliyohamishwa upande wa kushoto.

Mwaka 2021 Mahakama Kuu ilitoa uamuzi ambao kila kijana anayeomba kazi angepaswa kuujua. Kijana asiyeona alikuwa ameomba kazi ya kuhudumia wateja Safaricom, kampuni kubwa kuliko zote za simu nchini. Hakuipata, na kiini cha kesi kilikuwa kwamba mifumo ya kompyuta haikuwa imeandaliwa kwa mtu anayetumia programu ya kusoma skrini kwa sauti. Mahakama ikaona amebaguliwa, ikaagiza alipwe shilingi milioni 6.

Kinachonivutia kwenye kesi hiyo si pesa. Ni kwamba hakuna mtu aliyetukanwa. Hakuna aliyesema "hatutaki vipofu hapa." Kama ungeandika tukio hilo kama hadithi fupi, mhariri angekurudishia: adui yuko wapi? Adui alikuwa kompyuta isiyo na programu. Kwa muda mrefu fasihi yetu na televisheni yetu zimetufundisha kwamba ubaguzi una sura: bosi mwenye kitambi anayepiga meza. Kumbe mara nyingi ubaguzi ni ngazi, fomu, mtihani wa dakika 20, supavaisa mpole anayekwambia upumzike kwanza. Yule wa binamu yangu, nasikia, hata alimnunulia soda.

Hapo nigeukie aina nyingine ya maandishi ambayo sisi wenyewe tunayaandika na kuyasambaza. Unazijua zile hadithi za kutia moyo. Mama asiye na mikono anashona. Kijana wa kiti cha magurudumu anakarabati simu kandokando ya barabara. Muziki laini, machozi kidogo, na mwishoni: "Ulemavu si kutoweza." Watu wanaweka mioyo na kusema, sisi wazima tunalalamika nini?

Nimechoka nazo, na nitasema kwa nini. Katika hadithi hizo shujaa ni mmoja na tatizo ni lake. Anashinda kwa ari. Mwajiri hayumo, kama hakuwamo kwenye sentensi ya 2003. Hakuna anayeuliza kwa nini fundi hodari hivyo anakaa kandokando ya barabara badala ya kuwa ndani ya duka lenye mshahara na bima. Tena hadithi hiyo inamgeuza kila asiyefanikiwa kuwa mvivu. Kama yule wa kiti cha magurudumu ameweza, wewe wa vidole viwili unalia nini? Ni ile methali ya shangazi imevaa nguo mpya: aliyeumia yupo ili mzima ajifunze.

Najua hoja ya upande wa pili, nimeisikia kutoka kwa rafiki yangu anayeendesha karakana ya samani hapa Kitengela. Anasema ukimtisha mwajiri na sheria ataogopa kuajiri kabisa. Atakuwa na wafanyakazi 19 milele. Sibezi hofu hiyo. Karakana yake ina watu 11 na mwezi mbaya unamnyima usingizi. Lakini nilimuuliza swali moja: fundi wako bora akikatwa na msumeno kesho, utamwambia apumzike kwanza? Alinyamaza, akasema, "Huyo? Huyo ningemtafutia kitu." Ndiyo sheria yote hiyo, kaka. Mtafutie kitu. Sheria inaomba tu kwamba kile ambacho ungemfanyia unayempenda, umfanyie pia usiyemjua jina.

Udhaifu mkubwa zaidi wa sheria hizi hauko kwa waoga. Uko kwa wale wasiofikiwa nazo. Mashamba ya nyanya ya Rombo hayana HR. Watu wanaitwa asubuhi, wanalipwa jioni. Sheria ya Ajira inasema kibarua akifanya kazi mfululizo hadi siku zake zikafika mwezi, anastahili kuhesabiwa kama mwajiriwa wa mwezi. Ni kifungu kizuri, lakini nani aliyeandika siku? Na ile asilimia 5 inaanzia kwa watu 20 walioajiriwa, wakati huku watu 40 wanaweza kuwa shambani na aliyeajiriwa asiwepo hata mmoja. Sensa ya 2019 ilihesabu zaidi ya Wakenya 900,000 wenye ulemavu, asilimia 2.2 ya walio na umri wa miaka 5 na kuendelea. Wengi wa hao hawako mahali ambapo kuna mlango wa kubandika tangazo.

Jambo moja zaidi. Sheria hizi za Bunge huchapishwa kwa Kiingereza. Binamu yangu ana kidato cha nne, anasoma Kiingereza vizuri, na bado alinirudishia simu baada ya vifungu viwili. "Hii imeandikiwa wakili," alisema. Katiba imetuambia mtu atajwe kwa namna isiyomdhalilisha. Je, kumwandikia mtu haki yake kwa lugha inayomlazimu alipe mtu mwingine aisome, si namna ya kumdhalilisha?

Kwa hivyo tulikaa nje ya nyumba ya shangazi tukaanza kuisoma kwa Kiswahili, kifungu kimoja kimoja, mimi natafsiri, yeye anauliza. Tulipofika kwenye mzigo wa uthibitisho alinisimamisha. "Rudia hapo." Nikarudia. "Yaani ni wao waeleze?" Ndio. "Si mimi?" Wewe unasema kilichotokea, wao wanaeleza kwa nini. Akanyamaza muda mrefu. Ng'ombe wa jirani wakapita.

Kisha tukakwama mahali ambapo sikutarajia. Nilimwambia inafaa ajiandikishe na Baraza, apate kadi. Ina manufaa: mwenye kadi anaweza kuomba msamaha wa kodi kwenye mapato ya hadi shilingi 150,000 kwa mwezi, na itamsaidia kwenye zile nafasi za asilimia 5. Akakataa. "Mimi si mlemavu," akasema. "Mimi nimekatika vidole."

Nilitaka kumsahihisha. Nilikuwa na ufafanuzi wote tayari, wa Katiba na wa sheria mpya. Halafu nikakumbuka kwamba tangu mwanzo wa makala hii nimekuwa nikilalamika kuhusu watu wanaowapa wengine majina. Sheria ina haki ya kuhitaji neno ili ijue imlinde nani. Yeye naye ana haki ya kuchukua muda kabla ya kulivaa. Sijui kama kuna sheria duniani iliyowahi kuandika kifungu cha muda huo. Lakini nilijua kwamba ile miaka 3 haimsubiri, nikamwambia. Akasema anajua kuhesabu.

Juma lililopita alinitumia picha. Ni barua, ameiandika kwa Kiswahili, kwa mkono wa kushoto, herufi zimelala upande mmoja kama mahindi baada ya upepo. Anaomba kiwanda kimweleze kwa maandishi kwa nini mkataba wake haukuongezwa wakati wa wenzake uliongezwa. Hakuna neno ulemavu kwenye barua yote. Hakuna kuomba huruma, hakuna hata "tafadhali" ya pili. Mstari wa kwanza unasema: "Mimi ni opareta wa mashine namba nne."

Nimeisoma kama mhakiki, nikitafuta cha kurekebisha. Sijapata. Mtendaji yupo, kitenzi kipo, na upande wa pili umeulizwa swali. Niliongeza tarehe tu, maana alikuwa amesahau, na anwani ya afisa wa kazi atakayepata nakala.